Mama wa Nahodha Hakufa Bukavu

Mheshimiwa Mchungaji Emery, mwenye ukumbi huu na mwenye hita mbili ambazo tangu asubuhi watu wanazizunguka kama maharusi. Mwenyekiti wetu tunayemuaga, Bwana Njoroge, na mkewe Mama Wamaitha. Ndugu wageni waalikwa kutoka Sandton, mliokuja kwa treni ya mwendokasi, na ninyi wengine mliopiga simu mkasema mko kwenye robot ya mwisho, zile taa za barabarani, wakati bado mnaoga. Ndugu zangu wa Doornfontein, ambao hamjawahi kuchelewa mahali penye kuku. Fundi Placide wa cherehani, uliyekaa hapo karibu na mlango na koti lako hujalivua. Na watoto wetu wote, mnaoelewa kila neno ninalosema lakini mkiulizwa mtajibu kwa Kizulu. Nawasalimu nyote. Kama nimemruka mtu yeyote mwenye cheo, anisamehe mpaka wakati wa chakula, nitamfidia kwa paja.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Saida, mtu wa Kigoma, mwenye mgahawa hapa Johannesburg, pale kona ya chini, na katibu wa Chama cha Viraka. Nimeombwa niseme maneno machache ya kumuaga mwenyekiti, ambaye benki yake imemwita arudi Nairobi na ambaye kesho Jumapili anapanda ndege na familia yake. Maneno machache nitayasema. Lakini sitaki kuwaficha: nimesimama hapa na kazi nyingine pia. Katika ukumbi huu wamo watu wawili waliokuwa marafiki, wakakosana mbele ya macho yetu, na kwa miaka minne hawajasalimiana. Ndege ikishaondoka kesho, nani atawapatanisha? Mimi? Kwa simu? Wale wawili hata simu zangu mimi hawapokei vizuri. Kwa hiyo ni leo, na nyote mlioketi humu ni mashahidi wangu.

Nianze kwa wale mlioletwa hapa na waume zenu au wake zenu, ambao kwa miaka yote hii mmejiuliza hawa watu hukutana kufanya nini. Kuna tamthilia ya runinga inayoitwa Anga ya Tisa. Ni habari ya chombo kikubwa kilichoondoka duniani na kupotea njia huko kwenye nyota, na watu waliomo wanazaliana, wanaoana, wanapigana na kuzeeka humohumo. Imeanza sisi tukiwa watoto, na mpaka leo haijaisha. Ina misimu ishirini na sita. Sasa, niwaulize akina mama: mtu akikusimulia habari moja kwa miaka ishirini na sita, ataacha kujichanganya? Mume wako anashindwa kueleza ya jana jioni tu.

Basi na wale waandishi wamejichanganya, tena vibaya. Yupo mhandisi wa kike mwenye mkono wa chuma. Msimu wa kwanza ni mkono wa kushoto, msimu wa nne ni wa kulia, na hakuna anayeshtuka. Ipo sayari yenye miezi miwili, wakarudi baadaye wakakuta mwezi mmoja, na wakashuka wakala chakula kana kwamba hakuna kilichopotea. Matundu ya namna hiyo yamejaa. Watu wengine wakiyaona hucheka na kubadilisha chaneli. Sisi tunakaa, tunaagiza chai, na tunatafuta kiraka, yaani maelezo yatakayoliziba tundu mpaka hadithi isimame tena. Ndiyo kazi ya chama chetu, na sioni aibu kuisema mbele ya mchungaji.

Na tuna sheria mbili. Ya kwanza, ni marufuku kusema "waandishi walisahau." Ukiyatamka maneno hayo unakwenda nyuma jikoni kwangu kuosha vyombo. Mheshimiwa Mchungaji ni shahidi, alishaosha sufuria ya pilau na kuiacha na ukoko. Sheria ya pili, kiraka kikatwe kwenye kitambaa kilekile. Huruhusiwi kuzua jambo kichwani mwako. Lazima utumie yale yaliyoonekana kwenye tamthilia yenyewe. Sheria hii ya pili ndiyo iliyotuletea balaa, nami nitaifikia.

Kwa sheria hizo mbili tumefanya maajabu. Ule mkono wa chuma aliutatua Mama Wamaitha, na alitumia dakika moja tu, akiwa anamenya chungwa. Alisema yule mhandisi ana mikono yote miwili ya chuma, ila huvaa ngozi ya bandia kwenye mmoja, na huubadilisha kulingana na nguo aliyovaa. Wanaume mliangaliana. Wanawake tulijua hapohapo kwamba huo ndio ukweli. Na mwezi uliopotea aliutatua mwenyekiti, kwa akili ya mtu wa benki. Alisema mwezi haukupotea, ulihamishwa kituo cha kazi, kama yeye mwenyewe alivyohamishwa kuletwa Sandton, na kama ilivyo kawaida hakuna aliyewajulisha wateja.

Huyo ndiye Njoroge tunayemuaga. Wengi wenu mnamjua kama mtu wa suti na kadi ya kufungulia geti. Mimi namjua tangu siku gari lake lilipomzimikia mbele ya mgahawa wangu, akaingia kuomba maji ya rejeta, akakosa kiti, nikamkalisha meza moja na fundi Placide aliyekuwa anakula ugali na sombe, yale majani ya muhogo. Sijui nani alianza. Nilipowaletea maji walikuwa wameshagombana kuhusu ule mwezi, na gari likasahaulika pale barabarani mpaka jioni. Chama hiki kilizaliwa kwenye meza ile. Na ule msimu wa baridi maji yalipokatika mtaani kwetu, ni nani aliyepakia madumu kwenye gari lake zuri la ofisini, akapanda nayo ngazi za magorofa yetu ambayo lifti zake sote tunazijua, na dumu la kwanza akalifikisha kwa Placide? Ni huyuhuyu. Sikumsikia akilitaja jambo hilo hata siku moja, kwa hiyo nalitaja mimi.

Sasa tuje kwenye lile tundu kubwa.

Msimu wa pili, mama yake nahodha anakufa. Wanamweka kwenye sanduku, wanalisukuma nje ya chombo, na sanduku linaelea kwenda zake kwenye nyota huku nahodha ameegemea kioo. Nani humu ndani hakulia? Halafu msimu wa saba nahodha anaoa, na ni nani yuko jikoni anakaanga? Mama yake. Mzima, mnene kidogo, anamgombeza bibi harusi. Hakuna neno moja la kueleza ametoka wapi. Tundu hilo lilitushinda. Tulijaribu pacha, tukajaribu roboti, tukajaribu ndoto. Ndipo siku moja Placide akaweka kijiko chini, akasema, kwa Kiswahili chao cha Bukavu, "Lakini mnatafuta nini? Ule mama hayakufa. Kwenye sanduku hakukuwa mutu. Niliona."

Njoroge akasema, "Uliona wapi? Hiyo kitu haiko. Mimi nimeangalia hiyo sehemu, hakuna mtu anasema hivyo."

"Niliona na macho yangu. Nahodha mwenyewe alisema."

"Placide, hiyo kitu haiko."

Mnajua wanaume wawili wakishaanza hivyo. Njoroge akafungua simu, akaichezesha ile sehemu mbele ya watu wote. Sanduku likatoka, nahodha akaegemea kioo, muziki ukalia, na nahodha hakutamka neno lolote. Placide akaangalia mpaka mwisho. Na hapo mwenyekiti wetu, kwa kulinda sheria ya pili, akatamka neno ambalo najua hata yeye angependa kulirudisha. Alisema, "Basi unatudanganya." Placide akachukua kofia yake akaondoka, na chakula alikiacha. Placide kuacha chakula, ndugu zangu. Nilijua palepale kwamba jambo hili ni zito.

Tangu siku hiyo tukawa vyama viwili. Watu wa Sandton wakawa wanakutana kwenye duka la kahawa ambako mtu ananunua kikombe kimoja na kukikalia saa tatu. Watu wa Doornfontein wakabaki kwangu. Na katikati ni mimi, katibu, ninayepanda treni kupeleka viraka vya huku kule na kurudisha vya kule huku, kama mtoto wa wazazi walioachana. Niliwauliza wote wawili kwa nyakati tofauti. Njoroge alisema, "Saida, mimi sina shida na yeye, akubali tu." Placide alisema, "Eish, dada, akubali tu yeye." Kwa hiyo kwenye neno moja walipatana.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Placide alikuwa mgahawani anapunguza pindo la mapazia yangu, nami nikawa namsimulia mambo ya kwetu Kigoma. Nikamwambia jinsi tulivyokuwa tunaangalia filamu kwenye banda la video, na jinsi pale mbele alivyokaa bwana mmoja na kipaza sauti, anatufasiria kwa Kiswahili kila kinachosemwa, kwa sababu nani alijua hizo lugha za kigeni? Nikawa nacheka kwamba bwana yule wahusika wote aliwapa sauti yake, hata watoto wachanga. Placide naye akacheka, akasema kwao pia walikuwa naye. Ndipo nikasimama na birika mkononi. Nikamuuliza, "Fundi, yule nahodha aliposema mama hakufa, alisema kwa lugha gani?"

Akasema, "Kiswahili."

Nikamuuliza, "Kiswahili cha wapi?"

Akasema, "Cha kwetu." Na sindano ikabaki juu.

Miaka yote hiyo, ndugu wageni waalikwa, mtu mzima, fundi mwenye akili zake, hakuwahi kushangaa kwamba nahodha wa chombo kilichopotea mbali na jua anaongea kama mtu wa sokoni Bukavu. Na mimi simcheki, kwa sababu mpaka leo kuna filamu za Kihindi ambazo nikizisikia kwa Kihindi naona zimeharibiwa.

Tukamtafuta yule msimuliaji wa banda la kwao Bukavu. Nilidhani itakuwa kazi, lakini mkitaka kumpata mtu wa Bukavu waulizeni waumini wa Mchungaji Emery. Jioni ileile nilikuwa na namba. Anaitwa Mzee Thierry, yuko hai, anatengeneza redio. Nikampigia. Nikamueleza, nikimtaja nahodha, sanduku na mama. Alikumbuka. Alisema kanda zilimfikia kwa Kifaransa, na yeye ndiye aliyezitia Kiswahili mbele ya watu. Alisema ilikuwa miaka ya vita, na mchana banda lilijaa watoto kwa sababu shule zimefungwa. Wengi wao walikuwa wamefiwa, na yeye aliwajua kwa majina, nani amepoteza nani. Sanduku lilipotoka kwenye kile chombo, banda lote likaanza kulia. Akaniambia, "Dada, hakikuwa kilio ya filamu." Alikuwa na kipaza sauti mkononi. Angefanya nini? Akawaambia, kwa sauti ya nahodha, "Musilie. Mama hayakufa. Kwenye sanduku hakuna mutu. Ye analala tu, atalamuka." Watoto wakafuta machozi, wakaangalia mpaka mwisho, wakaenda nyumbani.

Nikamwuliza kama anajua kwamba miaka mitano baadaye wenye tamthilia yao walimrudisha yule mama mzima jikoni. Hakujua. Kufikia hapo alikuwa ameshaacha video. Akacheka sana, simu ikawa inakwaruza, kisha akasema, "Basi sikukosea, dada. Nilibatangulia tu."

Mwenyekiti, mbona umevua miwani? Subiri, sijamaliza.

Placide ameniruhusu niseme hili, na nilimuuliza zaidi ya mara moja. Mmoja wa watoto waliokaa kwenye banda lile alikuwa yeye, ana miaka tisa, na mama yake walikuwa wamemzika mwanzoni mwa mwaka uleule. Hakuwa mjinga. Alijua mama yake hatarudi. Lakini anasema siku ile ndiyo ya kwanza alilala usingizi, na tangu hapo sehemu ile akaiweka mahali pake ndani ya moyo na hakumwonyesha mtu, mpaka alipoitoa mbele yetu, mezani kwangu, kwa sababu alituona kuwa watu wake. Naye akaambiwa kitu hicho hakipo. Mimi nilipoisikia habari hii nililia hadharani, mbele ya wateja, na wali ukaungua, na sioni sababu ya kulificha hilo leo.

Njoroge, ndugu yangu, sikulaumu. Ulichokiona Nairobi ndicho kilichokuwemo, na Placide alichokiona Bukavu ndicho kilichokuwemo, na kati yetu sote hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwamba tulikuwa tunakata kwenye vitambaa viwili tofauti. Na wewe Placide usitabasamu sana hapo mlangoni, kwa sababu ungeweza kumweleza rafiki yako habari ya mama yako miaka minne iliyopita badala ya kumnunia kila alipopita barabarani na gari. Mlikuwa wakaidi wote wawili, kwa kiasi kinacholingana, na mimi ndiye niliyechoka na treni.

Lakini hebu tulifikirie jambo hili kama chama, maana ndiyo kazi tuliyojipa. Dunia nzima iliiangalia Anga ya Tisa, na dunia nzima ilipofika msimu wa saba ikaona kosa. London waliona kosa. Nairobi mliona kosa. Hapa Johannesburg, na magorofa yetu yote, tuliona kosa. Kundi moja tu la watu liliangalia misimu yote saba na hadithi ikawatiririkia bila tundu lolote, nao ni wale watoto wa banda la video la Bukavu, kwa sababu bwana mmoja mwenye kipaza sauti aliwaonea huruma watoto. Wenye tamthilia, na mashine zao zote, walichukua miaka mitano kufika alipofika yeye kwa dakika moja. Je, katika viraka vyote tulivyowahi kushona, kipo kinachokishinda hicho? Mimi kama katibu napendekeza kipitishwe. Naona mikono. Ninaiona mingi. Mchungaji ameinua miwili, lakini tutamhesabia mmoja.

Mwisho, zawadi. Tulikubaliana mwenyekiti aondoke na shati la kitenge, ili Nairobi wasije wakadhani alikuwa amefungiwa Sandton. Mama Wamaitha akaniletea vipimo kwa siri, nami nikampelekea Placide. Nilimdanganya, nikamwambia ni vya mteja wangu wa Marshalltown. Akavisoma, akavisoma tena, akaniambia, "Dada Saida, haya mabega mi nayajua. Tumbo tu ndiyo iliongezeka." Nikangoja anirudishie kitambaa. Akakitandaza juu ya meza akachukua chaki.

Shati hili hapa. Itazameni kola yake, tazameni maua ya mfukoni yalivyokutana na maua ya kifuani hata huoni mfuko uko wapi. Lakini ukiangalia vizuri utaona mkono wa kulia haujapindwa, nyuzi zinaning'inia. Nilipomuuliza fundi kwa nini ananipa kazi nusu, akasema urefu wa mkono huu hawezi kuupata kwenye karatasi kama alivyoupata wa kushoto, lazima mwenyewe avae na asimame mbele yake.

Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, Mheshimiwa na ndugu wageni waalikwa, nawashukuru sana, kuku anakuja. Placide ameshavua koti, naona, na pini ziko mdomoni. Njoroge, pokea shati uvae. Sasa nenda pale kwa fundi, unyooshe mkono.